Chiti cha Mwenye Duka: Kisa cha Familia ya Unguja na Pointi za Likizo

Kabla ya kisa

Kisa hiki, cha mume na mke walionunua pointi za likizo, yaani haki ya kulala hotelini kila mwaka, nilikishughulikia mwenyewe kuanzia Oktoba 2023 hadi Julai 2024. Wenyewe wameniruhusu kukiandika kwa sharti moja, wasijulikane. Kwa hiyo majina hayamo, mtaa haumo, na hoteli na makampuni yaliyohusika hayatajwi. Hesabu za fedha nimezisogeza kwenye tarakimu kamili za karibu lakini sikuzificha, maana ukiziondoa hesabu hapa hakibaki kitu cha kujifunza. Mume nitamwita Mzee na mke nitamwita Bibi, kama wanavyoitwa nyumbani kwao.

Familia yenyewe

Mzee ni mtoto wa mjini, Bibi ni wa shamba. Waliondoka Unguja wakiwa vijana, wakakaa Uingereza zaidi ya miaka 30, wakasomesha watoto watatu, na mwaka 2021 wakarudi moja kwa moja kwenye nyumba waliyokuwa wakiijenga kidogo kidogo kila wakija likizo. Ni watu wa hesabu. Bibi ana daftari la matumizi ya nyumba tangu miaka ya themanini, kila mwaka na daftari lake. Nalitaja hili mapema kwa sababu nimeshasimulia kisa hiki barazani mara mbili, na mara zote mbili kuna mtu aliyesema "tamaa hiyo" kabla sijafika katikati. Tamaa yao ilikuwa kukaa wiki moja kwa mwaka na wajukuu mahali penye jua.

Mwisho wa Agosti 2012, baada ya Idi, walikwenda Tenerife, kisiwa cha Hispania kilichoko baharini upande wa kaskazini-magharibi ya Afrika, pamoja na binti yao na watoto wake. Siku ya tatu vijana wawili wenye kadi za kukwaruza waliwasimamisha njiani. Kadi ya Mzee "ikashinda". Zawadi ilikuwa chakula cha mchana na ziara ya kijiji cha mapumziko, dakika 90 tu. Waliingia saa tano asubuhi, wakatoka saa kumi na moja jioni.

Asichokisahau Bibi ni kwamba muuzaji alikuwa mpole. Aliuliza majina ya wajukuu na akayashika. Aliuliza kwa mwaka wanatumia kiasi gani kwa likizo, akazidisha mara 20, akaizungushia jumla ile duara kwa kalamu nyekundu, kisha akaisukuma karatasi upande wao wa meza. Fedha zote hizi, akasema, mnampa mwenye hoteli na hamrudi na kitu. Kwa nini msiwe wamiliki? Neno hilo, wamiliki, ndilo lililomfunga Mzee. Mtu aliyepanga nyumba za watu nusu ya umri wake, ukimwambia kuna kitu kitakuwa chake, umeshamshika mkono.

Wakasaini: pointi 9,000 kwa pauni 9,800, mkataba wa miaka 50. Mzee alikuwa na miaka 65. Mkataba ulikuwa uishe mwaka 2062, yeye akiwa na miaka 115. Hakuna mezani pale aliyefanya hesabu hiyo, si wao wala binti yao.

Jambo moja alilikataa kabisa, nalo ni mkopo. Fomu ya mkopo ilikuwa tayari. Mzee akasema yeye riba hali. Alitoa pauni 980 papo hapo kwa kadi ya benki, "kushikia nafasi", na zilizobaki akazituma kutoka kwenye akiba walipofika nyumbani.

Pointi ni kitu gani

Zamani mnunuzi wa umiliki wa likizo alipewa wiki: wiki fulani ya mwaka, chumba fulani, katika hoteli fulani. Wiki ina tabu zake, lakini unajua umenunua nini. Mwaka 1974 huko Indianapolis, Marekani, ilianzishwa RCI, kampuni ya kubadilishana: weka wiki yako ya huku, chukua ya mwenzako ya kule. Mfumo wa pointi nao si mpya. Hapimag ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1963, ilishika njia hiyo, na Disney walipoingia kwenye biashara hii mwaka 1991 waliingia moja kwa moja kwa pointi. Muuzaji hueleza kwamba pointi ni uhuru, kwamba hufungwi na wiki moja wala hoteli moja.

Kwa utendaji mambo huenda hivi. Kila mwaka unaingiziwa pointi zako. Kuna jedwali linalosema usiku mmoja wa chumba cha namba hii, katika hoteli hii, mwezi huu, ni pointi ngapi. Pointi usizotumia hufa, au huhifadhiwa kwa mwaka mmoja au miwili ukilipa ada. Unaweza kukopa za mwaka ujao. Mwenye pointi nyingi hufunguliwa dirisha la kushika nafasi miezi kadhaa kabla ya mwenye chache, kwa hiyo Agosti huwa imeshaliwa kabla zamu yako haijafika. Na kila mwaka, usafiri usisafiri, unalipa ada ya uendeshaji kulingana na wingi wa pointi zako. Ndiyo kusema, unavyozidi kumiliki ndivyo unavyozidi kudaiwa.

Mzee alilieleza hili kuliko nilivyoweza mimi. "Mwanangu, hii ni kadi ya mgao ile ile. Kadi unayo mkononi, mchele haupo dukani." Waliokuwapo Unguja miaka ya sabini wanajua anasema nini. Mimi nikamwambia ni afadhali kadi ya mgao. Hii ni chiti cha duka: anayekiandika ni mwenye duka, anayepanga chiti kimoja kinatoa kilo ngapi ni yeye huyo huyo, na kila mwaka anakutoza ujira wa kukaa nacho mfukoni.

Miaka kumi na moja

Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2008, lililoanza kufanya kazi Februari 2011, linampa mnunuzi wa likizo za namna hii siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu, na linamkataza muuzaji kupokea malipo yoyote ndani ya siku hizo. Walisaini tarehe 28 Agosti. Siku ya mwisho ilikuwa 11 Septemba. Walirudi Uingereza tarehe 1 Septemba, mkoba wa makaratasi, wa buluu na mzuri kwa kweli, ukawekwa juu ya kabati. Ulishushwa Oktoba, bili ya ada ya kwanza ilipoingia. Ndani yake mlikuwa na fomu ya kujitoa, ukurasa mmoja, mahali pa jina na sahihi tu. Niliishika mkononi miaka 11 baadaye, safi kama ilivyotoka kwenye mashine.

Miaka mitatu ya mwanzo walifurahi, na hili lazima lisemwe. Wiki ya Agosti kwenye chumba chenye jiko na sebule ilikuwa pointi 8,500, wao walikuwa na 9,000, ada ya 2013 ilikuwa pauni 690. Zipo picha za wajukuu kwenye bwawa. Bibi akipika pilau humo humo ndani.

Mwaka 2016 jedwali likabadilika. Wiki ile ile, chumba kile kile, ikawa pointi 11,000. Wakapewa Oktoba, wakaenda wawili peke yao kwa kuwa watoto walikuwa skuli. Huko wakaalikwa "mkutano wa wamiliki wa kupeana habari". Nimesoma daftari la Bibi la siku hiyo: ameandika "mkutano", kisha chini yake "£4,600". Waliambiwa tatizo lao ni uchache wa pointi, na dawa ni kuongeza 3,000. Safari hii Bibi alilipa kwa kadi yake ya mkopo, akaimaliza mwezi uliofuata ili asitozwe riba. Ada ya mwaka 2017 ikaruka hadi pauni 1,010.

Mwaka 2017 walifiwa, hawakusafiri. Pointi wakazihifadhi kwa ada na zikaja kufa baadaye. Mwaka 2018 walipata Agosti yao. Mwaka 2019 wiki ile ilikuwa imefika pointi 12,600, wakakopa 600 kutoka mwaka 2020. Mwaka 2020 korona ikafunga dunia. Ada haikufungwa.

Kisha wakarudi nyumbani, na hapa pana jambo ambalo kila Mzanzibari anayejiandaa kurudi kutoka Uingereza anapaswa kulijua, pointi au bila pointi. Pensheni ya serikali ya Uingereza huganda kwa mstaafu anayehamia nchi isiyo na makubaliano ya kupandishiwa, na Tanzania ni mojawapo. Kiasi anachopokea siku anapohamia ndicho atakachoendelea kupokea. Kwa hiyo tangu 2021 upande mmoja wa daftari la Bibi kuna kipato kilichosimama, na upande wa pili ada inayopanda: 1,140, kisha 1,210, kisha mwaka 2023 pauni 1,290, karibu shilingi milioni 4.

Wiki ya Aprili

Watoto wakasema, basi tuzitumie pointi huko huko Zanzibar, tuje sote. Wazo zuri. Pointi zikapelekwa kwenye kampuni ya kubadilishana, ada ikalipwa, wakaomba Agosti. Agosti hakuna. Julai hakuna. Desemba hakuna. Kilichopatikana ni wiki moja katika hoteli ya mwambao wa mashariki, Aprili 2022, ambayo iliangukia kwenye likizo ya Pasaka ya skuli za Uingereza. Wakaikamata haraka wasije wakaikosa.

Msomaji wa hapa ameshacheka. Aprili ni masika. Hoteli nyingi za pwani hufunga au hubakisha nusu ya wafanyakazi. Na Ramadhani ya mwaka 2022 ilianza mwanzoni mwa Aprili.

La kuchekesha zaidi lilikuwa kwenye barua ya uthibitisho, ukurasa wa mwisho. Chumba hakilipiwi, lakini kila mgeni analazimika kulipia chakula na vinywaji vya siku nzima, pombe ikiwamo: dola 90 kwa mtu mzima kwa usiku, mtoto nusu yake. Watu wazima wanne, watoto wawili, siku saba: dola 3,150, zaidi ya shilingi milioni 7. Familia nzima imefunga, mvua inanyesha, bufee ya mchana imepangwa, na wao wameshailipia.

Kijana wa mapokezi aliona haya kwa niaba ya hoteli. Alizungumza na jikoni, wakawa wanaletewa futari chumbani, uji, tende na muhogo wa nazi, na daku wakitaka. Siku ya nne akamwuliza Mzee kwa sauti ya chini kwa nini hakupiga simu akaomba bei ya wakaazi. Wakahesabu pamoja kwenye karatasi. Kwa msimu ule, vyumba viwili kwa bei ya wakaazi pamoja na futari vingekuwa chini ya nusu ya walichotoa, bila pointi hata moja.

Mzee aliniambia kwamba jioni ile ndipo alipojua. Si Tenerife, si kwenye jedwali. Ni hapo, kwa kijana wa rika la mjukuu wake, kisiwani kwao.

Simu kutoka kwa "mawakili"

Miezi michache baadaye ikaja simu. Mwanamke, Kiingereza safi, anajua namba ya mkataba wao, anajua mwaka waliosaini. Mahakama ya Juu ya Hispania, akasema, imeshatoa hukumu. Wao wanastahili kurudishiwa pauni 38,000. Kinachotakiwa ni gharama za wakili na kodi ya mahakama, pauni 2,300, nusu sasa na nusu fedha zikitoka.

Ubaya wa uwongo huu ni kwamba nusu yake ni kweli. Kuanzia mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Hispania imetoa hukumu nyingi zinazobatilisha mikataba hii: ile isiyo na ukomo iliyosainiwa baada ya sheria yao ya 1998 kuanza kazi Januari 1999, na ile isiyobainisha mnunuzi amenunua chumba gani na kwa muda gani. Mzee alitafuta kwenye intaneti, akazikuta hukumu. Akatuma pauni 1,150.

Wiki tatu baadaye wakataka nusu ya pili kabla ya wakati, kwa kuwa "hakimu ameshasaini". Mtoto wao mkubwa, aliyeko Uingereza, ndiye aliyesimamisha. Hakubishana na baba yake. Alisema, "Baba, nipe mimi namba yao, nitawalipa mimi," kisha akapiga, akauliza jina la wakili na namba yake ya usajili katika chama cha mawakili cha huko. Simu ikakatwa na haikupokelewa tena. Alitoa taarifa Action Fraud, kituo cha Uingereza cha kuripoti utapeli wakati ule, akapewa namba ya kumbukumbu. Fedha hazikurudi.

Njia zilizokuwapo, na tuliyoifuata

Nilikabidhiwa mkoba wa buluu na mifuko miwili ya rambo ya risiti. Bibi hakutupa kitu. Siku mbili za kwanza nilipanga karatasi tu, kwa miaka, sakafuni.

Njia ya kwanza ilikuwa kuuza. Haikuchukua muda. Tuliangalia pointi za klabu iliyokuwa ikishika pointi zao zinauzwaje na wenye kuzichoka, tukakuta watu wanazitoa kwa pauni moja, na wengine wanaahidi kumlipia mpokeaji ada ya mwaka wa kwanza.

Njia ya pili, kuidai benki ya kadi ya mkopo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1974 ya mikopo ya walaji, kifungu cha 75, inaifanya benki iliyotoa kadi ibebe dhamana pamoja na muuzaji kwa manunuzi ya zaidi ya pauni 100 hadi 30,000. Zile pauni 4,600 za Bibi zilikuwa ndani yake kabisa. Lakini madai ya namna hii kwa kawaida yana miaka sita. Aliyelipa 2016 anatakiwa adai hadi 2022. Sisi tulikuwa Oktoba 2023. Nilipomwambia Bibi alinyamaza, akaenda jikoni, na sikumwona tena siku hiyo. Na kumbukeni: zile 9,800 za mwanzo Mzee alizilipa kutoka kwenye akiba kwa kuikwepa riba, kwa hiyo hazikuwahi kuwa na kinga hiyo hata siku moja. Kadi ya mkopo inayomalizwa kabla riba haijaanza ingemlinda bila kumtia katika alichokiogopa. Hilo hakuna aliyemwambia.

Ya tatu, mahakama ya Hispania. Mkataba wao haukuwa wa milele, uliisha 2062, kwa hiyo hoja ya ukomo haikuwepo; ilibaki hoja ya kutobainishwa kwa kitu kilichouzwa. Hoja ya kweli, lakini inahitaji wakili wa huko, miaka, na muuzaji ambaye bado ana mali ya kukamatwa siku ukishinda. Kwa mtu wa miaka 76 mwenye ugonjwa wa moyo sikuipendekeza.

Ya nne, kuacha kulipa na kunyamaza. Nakiri kwamba hii ndiyo niliyoitaja kwanza, kwa wepesi wa mdomo. Mtoto mkubwa akanikumbusha kwamba bado wana akaunti Uingereza, na kwamba madeni ya ada huuzwa kwa wakusanyaji. Bibi alikuwa na swali zito zaidi: "Tukifa, watoto watadaiwa?" Mkataba ulisema unawafunga "warithi na wasimamizi". Tukaenda kwa sheikh jirani yao. Alisema deni la marehemu hutolewa katika mali yake kabla ya mirathi kugawanywa, na mrithi halipi kutoka mfukoni mwake. Lakini ada ya mwaka ambao marehemu hajauishi, hilo aliliona si deni bado. Kisha akataka kusomewa mkataba. Nilimtafsiria kurasa nne. Akauliza, "Hiki kilichouzwa ni chumba kipi?" Nikamwambia hakijatajwa. "Basi hiyo ni gharar," akasema, bei ya kitu kisichojulikana, na akaomba chai. Mahakama ya Juu ya Hispania ilifika mahali hapo hapo kwa kurasa nyingi zaidi.

Ya tano, ambayo ndiyo tuliyoifuata, ni kuomba kuachiliwa kwa sababu ya umri na maradhi. Klabu nyingi zina mlango huo ingawa hazibandiki tangazo lake.

Matokeo

Barua ya kwanza ilikwenda Novemba 2023. Haikujibiwa kwa sababu niliipeleka kwa kampuni iliyouza, nayo haina tena habari na mnunuzi. Katika biashara hii muuzaji ni mmoja, mwendeshaji wa hoteli ni wa pili, na klabu inayoshika pointi ni ya tatu. Anayeweza kukuachia ni klabu. Miezi miwili ikapotea, kosa langu. Januari 2024 tukaandika kwa klabu: ukurasa mmoja, ombi moja, barua ya daktari, nakala za pasipoti. Hatukulalamika juu ya jedwali, hatukudai fedha. Mzee hakulipenda hili hata kidogo. Alitaka barua iseme alivyodanganywa, na aliiandika mwenyewe, kurasa tano kwa mkono. Tulikubaliana tuiweke, tuitume baada ya kuachiliwa. Mpaka leo hajaituma.

Walijibu Machi wakitoa punguzo la ada. Tukakataa kwa barua ya mistari mitatu. Walijibu tena Juni: wanakubali, kwa sharti ada ya 2024, pauni 1,340, ilipwe kwanza na fomu isainiwe mbele ya wakili. Ililipwa, ikasainiwa mjini, na barua ya kuachiliwa ikaja Julai.

Hesabu ya Bibi, bila tiketi za ndege, bila ada za kubadilishana na bila ile bufee: ununuzi wa mwanzo 9,800, nyongeza 4,600, ada za miaka 11 karibu 10,800. Jumla pauni 25,200. Wiki walizolala ni saba, sita za Tenerife na moja ya hapa. Pauni 3,600 kwa wiki. Juu ya hapo, 1,150 za matapeli na 1,340 za kutokea.

Uchambuzi

Nikiulizwa ni wapi hasa mambo yaliharibika, sitasema ni siku ya kusaini. Mtu aliyekalishwa saa sita akiwa likizoni na wajukuu husaini, na ndiyo maana sheria ikaweka siku 14 badala ya kumtaka awe shujaa pale mezani. Paliharibika juu ya kabati. Familia ilikuwa na siku kumi nyumbani, na mkoba haukufunguliwa kwa sababu kila mmoja alidhani limekwisha. Neno "wamiliki" lilifanya kazi yake hata humo: mtu harudishi kitu ambacho ni chake. Na zile pauni 980 zilizochukuliwa siku ile ile, ambazo sheria imezikataza waziwazi, zilitosha peke yake kuwastua kama mmoja wao angejua zimekatazwa.

Kosa la 2016 naliona kubwa zaidi kuliko la 2012, ingawa fedha zake ni ndogo. Kufikia hapo walikuwa wameshaona jedwali likipanda kutoka 8,500 hadi 11,000. Waliambiwa upungufu uko kwao, wakaamini. Mwenye duka amepandisha bei ya mchele, nawe unanunua chiti zaidi kutoka kwake ili kuziba pengo alilolitoboa yeye. Swali ambalo lingewaokoa ni fupi: nani anaandika jedwali hili, na kipi kinamzuia asilibadilishe mwakani? Kwenye mkataba wao jibu lilikuwa ukurasa wa 14: klabu, na hakuna.

Aibu nayo iligharimu. Kati ya Aprili 2022 na Oktoba 2023 Mzee hakumwambia mtu nje ya nyumba. Alijiona mtu mzima aliyeliwa. Ndani ya miezi hiyo ndipo ile miaka sita ya kadi ilipomalizika, na ndipo matapeli walipompata peke yake na simu. Wapigaji wale wanaishi kwa kunyamaza kwa watu. Nisingependa kumlaumu, lakini ukimya ule, kwa hesabu, ulikuwa na thamani ya hadi pauni 4,600 na 1,150 juu yake.

Vilivyofaa ni vidogo. Risiti za Bibi, kwa kuwa klabu ilijaribu kudai ada ya 2020 haikulipwa na tukawatumia nakala siku ile ile. Namna mtoto mkubwa alivyomzuia baba yake bila ya kumvunjia heshima. Angemwambia "umetapeliwa", naamini Mzee angetuma nusu ya pili kwa kiburi tu. Na barua yenye ombi moja. Sijui kama ilikuwa haki kumnyima Mzee kurasa zake tano, lakini nina hakika zingepelekwa kwa wanasheria wa klabu na tungekuwa tunaandikiana mpaka leo.

Kwa wanaoletewa mambo ya namna hii hapa hapa Zanzibar, naongeza jambo moja la kutenganisha. Sheria yetu ya Kondominiamu ya mwaka 2010 inawezesha mtu kuwa na hati ya sehemu yake ndani ya jengo, sehemu yenye mipaka inayojulikana. Hicho ni kitu kimoja. Pointi, "uanachama wa likizo" au "wiki za wamiliki" ni kitu kingine, hata kama picha ya jengo na fukwe ni ile ile. Mtu akikuonyesha mkataba wa umiliki, mwombe akuonyeshe hati inasajiliwa wapi na kwa namba ipi. Akikujibu kwa kukuonyesha jedwali, umeshajua uko katika biashara ipi.

Barua ya kuachiliwa hatukuiweka kwenye mkoba wa buluu. Iko pamoja na hati ya nyumba, na kila mtoto ana nakala, kwa sababu simu bado zinakuja, na siku moja zitapokelewa na mtu ambaye hakuwapo Tenerife.